Kina dada, kuvuja mkojo kuna aina zake!

Wadau, leo tuongee lile jambo ambalo kina mama hunong'oneza pembeni tu: mkojo kutoka wenyewe. Mimi ni muuguzi, na kinachoniuma ni kuona mtu anakimbilia duka la dawa kununua antibayotiki wakati hata hajui tatizo lake ni la aina gani. Tiba inafuata aina, jamani. Hizi hapa:

1. Ya mkazo: ukikohoa, ukicheka au ukinyanyua ndoo, mkojo unachuruzika. Misuli ya nyonga imelegea, mara nyingi baada ya kuzaa.

2. Ya kubanwa ghafla: unabanwa mara moja, chooni hufiki.

3. Ya mchanganyiko: hizo mbili kwa pamoja.

4. Ya kufurika: kibofu hakiishi mkojo, unadondoka matone matone. Kisukari cha muda mrefu kinaweza kuleta hali hii.

5. Fistula: mkojo unatoka usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu. Hapo kuna tundu kati ya kibofu na uke.

Kabla ya kwenda hospitali, chukua daftari. Kwa siku 3 andika umekunywa nini, umekojoa saa ngapi, na ulikuwa unafanya nini ulipovuja. Daktari atakuuliza hayo hayo. Atapima mkojo kuangalia maambukizi na sukari, atakwambia ukohoe kibofu kikiwa kimejaa, na huenda ukapigwa altrasaundi baada ya kukojoa kuona kiasi kilichobaki. Akihisi fistula, anaweza kujaza kibofu maji ya rangi ya bluu aone yanatokea wapi.

Umeona tofauti? Aina ya 1 inaanza na mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga: angalau mara 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3. Ya 2 inaanza na kukizoesha kibofu kusubiri, kama wiki 6 hivi. Fistula kwa kawaida inataka operesheni, na hapa Tanzania CCBRT ya Dar es Salaam imezifanya kwa miaka mingi. Ukiona damu kwenye mkojo, au mkojo umegoma kabisa, usisubiri daftari. Wahi hospitali.

Dada yako akijitenga kwa sababu ya harufu, hajalogwa. Mpeleke akapimwe. Mwenye swali atupie hapo chini, jina si lazima.