Mkono wa mfereji wa bia, na kilichoko nyuma yake

Leo tunaweka kompyuta kando kidogo (si kwa muda mrefu, msijali, tutairudia).

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa mtu wa skrepu hapa Gataka nikitafuta kipande cha paipu cha kurekebishia tangi la maji. Katika ndoo ya makorokoro nikaona kitu kama mpini wa patasi. Mbao nyeusi, urefu wa shubiri moja na ushei, juu nene, chini nyembamba, na kitakoni tundu la chuma lenye nyuzi za bolti. Upande mmoja palikuwa na jina la kuchongwa, lakini mtu alikuwa amelikwangua kwa kisu.

"Hiyo ni ya baa, mkubwa," akaniambia. "Lete mia."

Nikalipa mia, nikaenda nyumbani bila paipu.

Kwa wasioujua, huo ni mkono wa mfereji wa bia, ule ambao mhudumu huuvuta ili bia ishuke kwenye gilasi. Kuna watu duniani wanaokusanya mikono hii kama wengine wanavyokusanya stempu. Nilianza kusoma habari zake usiku huo nikidhani nitaandika aya tatu za kuchekesha. Nimeishia mahali pengine kabisa, na mtaona kwa nini.

Tuanze na mashine yenyewe. Pipa la bia huwa na mrija wa chuma unaoshuka katikati hadi karibu na sakafu yake. Gesi ya kabonidayoksaidi husukumwa ndani kutoka juu, ikaikandamiza bia, na bia haina pa kwenda ila kupanda mrija, kupita kwenye ubaridi, hadi mferejini. Mkono hufungua vali tu. Ukiufungua nusu, bia hupita kwa shida na kutoka povu tupu, kwa hiyo mhudumu mzuri huuvuta wote au hauvuti kabisa. Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hiyo: sifuri au moja.

Zamani haikuwa gesi. Huko Uingereza mhudumu aliivuta bia kutoka pipa lililo chini ya ardhi kwa pampu ya mkono. Mhandisi Joseph Bramah, yule yule wa kufuli za Bramah, alisajili hataza ya pampu ya namna hiyo mwaka 1797. Mkono wa wakati ule ulikuwa mrefu kwa sababu ulikuwa na kazi ya nguvu. Mkono wa leo hauhitaji nguvu. Urefu wake ni wa kubeba jina.

Na jina hilo lina historia. Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933. Marufuku ilipoondolewa, palikuwa na hofu ya kweli kwamba mwenye baa atachukua pesa ya bia nzuri na kukumiminia ya bei rahisi, maana mnywaji haoni pipa. Majimbo mengi yakatunga sheria kwamba mfereji lazima uonyeshe jina la bia inayotoka. Ndipo vikaja vifundo vya mviringo vyenye majina ya viwanda, ambavyo leo wakusanyaji huvinunua kwa bei inayoweza kukushangaza.

Baadaye wakaja wapishi wadogo wa bia. Mwaka 1965 Fritz Maytag aliingia katika kiwanda cha Anchor cha San Francisco kilichokuwa karibu kufa, akakifufua. Mwaka 1976 Jack McAuliffe akaanzisha New Albion huko Sonoma, kiwanda kidogo kilichofungwa 1982 lakini kikawafungulia wengine njia. Watu hawa hawakuwa na pesa za matangazo ya televisheni. Walichokuwa nacho ni sentimita chache za kaunta, kwa hiyo mkono wa mfereji ukawa bango lao, ukachongwa kwa kila umbo. Nyuzi za tundu lake zikabaki zile zile: inchi tatu kwa nane, nyuzi 16 kwa inchi. Nilijaribu bolti ya kipimo hicho kwenye mkono wangu wa Gataka, ikaingia kama imezaliwa nao. Hebu fikiria, hiyo ni USB ya walevi, na imekuwapo muda mrefu kabla ya USB.

Kisa kimoja nimewawekea nyinyi watu wa programu huria. Mwaka 2004 wanafunzi wa chuo kikuu cha IT cha Copenhagen, pamoja na wasanii wa Superflex, walitoa bia iitwayo Vores Øl ambayo mapishi yake yaliwekwa wazi kwa leseni ya Creative Commons. Yeyote angeweza kuipika, kuibadilisha na kuiuza, mradi naye aonyeshe mapishi yake. Hukulazimika kuamini jina lililo mferejini, kwa sababu ungeweza kusoma kilichomo.

Mwaka huo huo wa 2004, huku kwetu, mfereji mwingine ulifunguliwa, na huo ndio unaonihusu.

Kenya ina historia ndefu ya bia zenye mwenyewe. Busaa magharibi, muratina kwa Wakikuyu, pombe ya asali kwa Wamaasai wa hapa Kajiado. Hakuna aliyeuliza nembo, kwa sababu ulimjua aliyepika, na alikunywa pamoja nawe. Kiwanda kilikuja 1922, ndugu George na Charles Hurst walipoanzisha Kenya Breweries. George aliuawa na tembo mwaka 1923 akiwa mawindoni, na ndiyo maana Tusker ina jina hilo na picha hiyo. Bia ya chupa ikawa ya mwenye mshahara. Mwenye kibarua alibaki na chang'aa, ambayo sheria ya 1980 iliipiga marufuku moja kwa moja.

Marufuku haikuimaliza. Iliipeleka gizani, na gizani hakuna jina. Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, pombe iliyoitwa kumi kumi ilikuwa imetiwa methanoli. Zaidi ya watu 100 walikufa, na wengine wakapofuka. Methanoli haina tofauti kubwa mdomoni na pombe ya kawaida, lakini mwili huigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo huiharibu neva ya jicho.

Senator Keg ya 2004 ilikuwa jibu la tatizo hilo. Mpango wake ulikuwa rahisi na, kwa maoni yangu, wa akili sana. Usitumie chupa, kwa sababu chupa ni ghali. Weka bia katika pipa la chuma la lita 50 lililofungwa kiwandani, liuzwe kwa kikombe. Serikali nayo ikasamehe ushuru wa bidhaa, kwanza sehemu, kisha wote, ili kikombe kishindane na chang'aa kwa bei. Baadaye mtama ukachukua nafasi ya shayiri, wakulima wakapata soko. Watu wakaibandika bia hiyo jina la Obama, kwa kuwa mwaka huo huo alikuwa amechaguliwa seneta wa Illinois.

Sasa itazame kama mhandisi. Mbele kuna mfereji na kikombe. Nyuma kuna pipa lililofungwa, lori, kiwanda, mtama, na juu ya vyote hivyo sheria ya ushuru. Mnywaji anauona mkono peke yake, lakini usalama wake uko katika vile vingine vyote, hasa bei. Bei ndiyo iliyokuwa ikimtoa gizani na kumleta kaunta.

Mwaka 2013 msamaha ulipunguzwa hadi nusu. Kikombe kikapanda. Kwa mtu wa ofisini nyongeza ile haikuwa kitu, lakini kwa mtu wa kubeba mawe ni nauli. Mauzo ya kegi yakaporomoka. Mifereji haikuondoka, mikono ilibaki kaunta na majina yake, ila hapakuwa na wa kuivuta. Mei 2014 pombe yenye sumu ikaua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu, Makueni na Kiambu zikiwemo.

Mjomba wangu alikuwa mtu wa kegi. Vikombe viwili baada ya kazi ya mjengo, kisha nyumbani. Baada ya bei kupanda alianza kunywa kwingine, mahali pasipo na kibao, ambapo unapewa gilasi kupitia dirishani. Siku moja mwaka 2014 aliamka akasema nyumba imejaa ukungu. Hakufa. Leo anaona mwanga na kivuli, basi.

Sisemi ushuru ulimpofusha. Aliyetia sumu ndiye aliyempofusha. Lakini nimeandika mifumo kwa miaka mingi, na najua kinachotokea ukifunga mlango wa bei nafuu na salama huku haja ikiwa pale pale. Watumiaji hawaachi, wanatafuta njia ya nyuma. Mwaka 2015 msamaha ulirudishwa kwa asilimia 90, na 2019 kiwanda kipya kikafunguliwa Kisumu kwa ajili ya bia hiyo ya mtama. Ilikuwa sahihi kurudisha. Ilikuwa imechelewa kwa wengine.

Mtu wa teknolojia atauliza: si tungeweka namba ya siri kwenye kila chupa? Tumeweka. Tangu 2013 KRA ina mfumo wa stempu za ushuru uitwao EGMS, na kuna programu ya simu, Soma Label, ambayo mtu yeyote anaweza kuskani stempu na kujua kama ni halali. Ni kazi nzuri, naipenda. Lakini anayeuziwa gilasi dirishani haoni chupa, na mara nyingi hana simu ya kuskani. Stempu inamlinda aliyekwisha kufika kaunta. Februari 2024, huko Kangai, Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa kwa pombe yenye sumu, miaka zaidi ya kumi baada ya stempu kuanza.

Siku hizi Nairobi ina wapishi wadogo wa bia, kama Bateleur na 254, na nafurahi kuwaona. Jina kwenye mkono wa mfereji kwao ni ahadi, kama ilivyokuwa kwa Maytag. Lakini ahadi hiyo ni ya mwenye pesa ya gilasi. Kwa asiye nayo, mkono mzuri wa mfereji ni kama tovuti nzuri ambayo seva yake imezimwa.

Jumapili nilimpelekea mjomba ule mkono wa skrepu, maana anapenda kushika vitu vya mbao, alikuwa fundi. Akaugeuza, akapitisha kidole gumba pale palipokwanguliwa.

"Hapa paliandikwa nini?"

"Jina la bia, mjomba. Wamelifuta."

Akanyamaza kidogo. "Mbao yake ni nzuri," akasema. "Ile yangu haikuwa na jina lolote, tangu mwanzo."

Nimemwachia. Anautumia kama mpini wa tupa. Mimi bado natafuta paipu.