Mikoko Pamoja: Msitu wa Gazi Uliorudi

Kwa vizazi vingi pwani ya Kwale, Kenya, ilikata mikoko kwa kuchagua. Fundi alijua afuatacho: fito, pau, boriti au nguzo, na mti usiofaa kazi yake aliuacha ukue. Tanuri haichagui. Miaka ya 1970 viwanda vya chokaa na matofali viliifanya mikoko ya ghuba ya Gazi kuwa kuni, na sehemu kubwa ya ufuo ikabaki tope tupu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, akiwemo Dkt. James Kairo, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Ilikuwa kazi ya kungoja maji yapwe, kuinama topeni na kuchomeka miche mmoja mmoja. Kabla ya fedha zozote za kuuza hewa ya ukaa, kulikuwa na migongo hiyo, na historia hii ni yao kwanza.

Mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja ukaanza rasmi katika vijiji vya Gazi na Makongeni, ukitunza hekta 117. Mikoko ni mali ya serikali, lakini sheria ya misitu ya 2005 ilizipa jamii nafasi ya kutia saini makubaliano ya kuitunza. Kinachouzwa ni hewa ya ukaa, takriban tani 3,000 kwa mwaka, iliyoshikwa na msitu huo. Mti hauna haja ya kuanguka ili ulete shilingi. Na kwa kuwa watu bado wanajenga na kupika, mivinje ilipandwa nchi kavu iwape nguzo na kuni.

Kwangu mimi, uzito wote uko barazani. Kamati ya mradi huchaguliwa na wanakijiji, na matumizi ya fedha hujadiliwa mbele yao. Ndivyo yalivyopatikana maji ya bomba na vitabu vya shule. Mlinzi wa msitu akimkuta mtu na shoka, nyuma yake kuna kijiji kizima kinachoteka maji hayo.

Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa uliutunuku mradi huu Tuzo ya Ikweta. Vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, navyo sasa vinatunza mikoko yao kwa mpango huohuo, katika eneo kubwa kuliko la Gazi.