Dar–Mombasa–Voi–Lushoto na hema kwenye buti: Pa kulala bure au kwa bei nafuu

Watu wanne, gari moja, wiki moja barabarani. Mafuta yamepigiwa hesabu, chakula kimenunuliwa, lakini suala la pa kulala linaachwa kwa maneno yale yale: "Tutaona huko huko." Hapo ndipo bajeti inapovuja. Ikifika saa 2 usiku watu wamechoka, chumba cha kwanza kinachopatikana kinalipiwa bila hata kuulizana bei.

Hema linaweza kuokoa hela hiyo. Ila kambi yenye bei ndogo kwenye bango si lazima iwe nafuu, na sehemu ya bure si lazima iwe salama. Mambo mawili ndiyo yanaamua: jumla ya gharama za usiku mzima, na nani ametoa ruhusa ya kulala pale.

Mfano mzuri ni mzunguko wa Dar es Salaam, Tanga, Horohoro, Mombasa, Voi, Taveta, Holili, Same, Lushoto na kurudi Dar. Ni takriban kilomita 1,300, nchi mbili, na ndani yake kuna bahari, mbuga na milima. Karibu kila aina ya kambi inapatikana njiani.

Bei ya hema si bei ya usiku

Kosa linalowagharimu wengi ni kuangalia ada ya kambi peke yake. Ndani ya hifadhi ya taifa, kulala kwenye hema kunakuja na gharama nyingine: kiingilio cha kila mtu, ada ya kambi ya kila mtu, na ada ya gari. Upande wa Tanzania, bei nyingi za TANAPA hutajwa kabla ya VAT ya asilimia 18, kwa hiyo nayo inaongezwa juu.

Uraia nao unabadilisha bili. Raia wa Afrika Mashariki hulipa viwango vya chini sana kuliko wageni wengine, TANAPA na hata KWS ya Kenya, lakini lazima aoneshe kitambulisho getini. Kwa miaka kadhaa, ada ya TANAPA kwa mtu mzima asiye wa Afrika Mashariki kwenye kambi ya umma imekuwa dola 30 kabla ya VAT. Hiyo ni dola 35.40 kwa usiku mmoja, na kiingilio bado hakijahesabiwa. Kundi likiwa na rafiki mmoja kutoka Ulaya, bili yake peke yake inaweza kuzidi ya wengine wote.

Gari nalo lina uraia. Lenye namba za Tanzania hulipiwa kwa shilingi kwenye hifadhi za TANAPA, lenye namba za nje hulipiwa kwa dola. Mkenya anayeingia Mkomazi na gari lake anapaswa kuliweka hilo kwenye hesabu mapema.

Kambi ya umma au kambi maalumu?

Hifadhi nyingi zina aina mbili za kambi. Kambi ya umma inatumiwa na yeyote aliyelipa, na kwa kawaida ina choo, maji na sehemu ya kupikia, ingawa hali hutofautiana. Kambi maalumu inakodishwa na kundi moja tu, mara nyingi haina huduma yoyote, na bei yake iko juu. KWS pia hutoza ada ya kuihifadhi. Kwa mwenye bajeti ndogo, jibu ni kambi ya umma.

Kwenye mzunguko huu, Tsavo East ina kambi ya umma ya Ndololo, karibu na geti la Voi. Shimba Hills, juu ya Kwale, nayo ina kambi ya KWS. Upande wa Tanzania, Mkomazi inaingiwa kwa geti la Zange, nje kidogo ya mji wa Same, na Saadani iko kandokando ya bahari kabla ya Pangani.

Kuna njia halali ya kupunguza bili hapa. Kibali cha kuingia hifadhini kwa kawaida huhesabiwa kwa saa 24, si kwa tarehe. Anayeingia saa 9 alasiri anaweza kuzunguka jioni, akalala, akazunguka tena asubuhi, na kutoka kabla ya saa 9 kwa kiingilio kimoja. Anayeingia asubuhi, akalala, na kutoka mchana wa kesho yake analipa mara mbili. Tahadhari ni moja: mageti hufungwa saa 12 jioni, na kuendesha gari usiku ndani ya hifadhi hakuruhusiwi.

Pesa taslimu isitegemewe. KWS hupokea malipo kupitia eCitizen, na TANAPA hutumia namba ya malipo ya serikali, ile ya kulipia kwa simu au benki. Ni busara kulipia sehemu yenye mtandao, kabla ya kufika getini.

Nje ya geti mara nyingi ni nafuu zaidi

Kama lengo ni kulala tu, hakuna sababu ya kulipia wanyama. Voi na Same ziko barabarani kabisa, na gesti zenye uwanja mkubwa huwa hazikatai kundi la kistaarabu. Msafiri anaomba kuweka hema uwani au kulala kwenye gari, analipia choo, maji ya kuoga na mlinzi. Bei haiko kwenye bango, inapatikana kwa mazungumzo. Chakula cha jioni kikiagizwa hapo hapo, mazungumzo huwa mepesi zaidi.

Ufukweni ni hivyo hivyo. Kati ya Tanga na Pangani, na upande wa pili kuanzia Diani, kuna hoteli ndogo zinazotenga sehemu ya mahema kwa bei ya chini kuliko chumba. Swali la kuuliza ni fupi: bei ni kwa mtu au kwa hema? Watu wanne kwenye hema moja wanaweza kujikuta wanalipa mara nne.

Msituni na milimani

Misitu ya hifadhi inasahaulika sana. Tanzania iko chini ya TFS, Kenya iko chini ya KFS, na viwango vyake mara nyingi viko chini ya vile vya hifadhi za taifa. Msitu wa Amani, unaofikiwa kupitia Muheza, na Magamba ulio juu ya mji wa Lushoto, yote inapokea wageni. Kibali kinachukuliwa ofisini kabla ya kuingia, na suala la kuwasha moto linaulizwa hapo hapo.

Lushoto pia kuna shamba la Irente, la KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, ambapo mahema yanaruhusiwa. Mji uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti usiku ni baridi kweli kweli. Aliyetoka Tanga na shuka moja atakesha akitetemeka. Blanketi zito linaokoa hela kuliko kukimbilia chumba saa 7 usiku.

Bure ipo, lakini ina mwenyewe

Karibu kila ardhi ina mwenyewe, hata ile inayoonekana pori tupu. Tanzania, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kwa hiyo anayetaka kulala bure anaanza kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji. Kenya anaanza kwa chifu, naibu wake, au mzee wa mtaa.

Jinsi ya kuomba ina uzito kuliko hela. Kwanza salamu, halafu kujitambulisha, ndipo ombi: "Shikamoo mzee. Sisi ni wasafiri, tunatoka Dar, tunaelekea Voi. Tunaomba sehemu ya kuweka hema usiku huu, alfajiri tunaondoka." Vitambulisho vioneshwe bila kusubiri kuulizwa. Mgeni aliyejulikana kwa uongozi analindwa na kijiji kizima. Aliyejificha nyuma ya kichaka anaweza kuamshwa na sungusungu au polisi, na saa hiyo maelezo huwa magumu.

Sehemu nyingine za kuomba ni parokia na misheni, uwanja wa shule wakati wa likizo, kituo cha polisi, na vituo vikubwa vya mafuta vinavyofanya kazi saa 24. Kituo cha mafuta kina kelele za malori, lakini kina taa, choo na watu. Kwa usiku mmoja wa kupumzika, kinatosha.

Sehemu moja haina mjadala. Barabara ya Voi–Taveta inapita ndani ya Tsavo West. Kuegesha pembeni na kulala hapo ni kulala hifadhini bila kibali, tena katikati ya tembo na simba. Giza likikaribia, safari iishie Voi au ifike Taveta.

Simu ifanye kazi kabla mtandao haujakata

Programu ya iOverlander inakusanya taarifa za wasafiri kuhusu kambi rasmi, sehemu za kulala za bure, maji na mafundi. Inachotakiwa kuangaliwa kwanza ni tarehe ya taarifa ya mwisho. Kambi iliyosifiwa miaka mitano iliyopita inaweza kuwa imeshajengwa nyumba.

Organic Maps inafanya kazi bila intaneti na inaonesha kambi zilizowekwa kwenye OpenStreetMap. Google Maps nayo inaruhusu kupakua ramani ya eneo. Zote zipakuliwe nyumbani kwa Wi-Fi, halafu namba za simu za kambi mbili kwa kila kituo ziandikwe: moja ya kwanza, moja ya akiba. Simu moja ya mchana inajibu maswali yote: bei ya leo, maji, choo, mlinzi, na kama barabara inapitika kwa gari dogo.

Mpakani

Kenya, Uganda na Rwanda ziliruhusu raia wao kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa kuanzia 2014. Tanzania haimo kwenye utaratibu huo, kwa hiyo kadi ya NIDA peke yake haitoshi Horohoro. Inahitajika pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji.

Gari linahitaji kadi yake halisi, barua ya mwenye gari kama si la dereva, na bima ya kadi ya njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini bado imo kwenye mpango huo wa bima. Kadi ichukuliwe kwa kampuni ya bima kabla ya safari.

Plastiki ni mtego mwingine. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017, Tanzania 2019. Tangu Juni 2020, Kenya pia hairuhusu plastiki za kutumia mara moja ndani ya hifadhi, misitu na fukwe, zikiwemo chupa za maji. Dumu la maji la kujaza tena linaepusha usumbufu getini na linapunguza matumizi.

Kabla hema halijasimama

- Kufika kabla ya saa 11 jioni. Mwanga unaonesha mteremko, siafu, na njia ya maji ya mvua.
- Ufukweni, hema likae juu ya mstari wa takataka za maji ya jana. Wakati wa bamvua, tofauti ya kupwa na kujaa pwani hii huzidi mita 3.
- Mtoni mkavu hapafai wakati wa masika, Machi hadi Mei, wala vuli, Oktoba hadi Desemba. Mvua ya milimani hushuka ghafla hata kama kambini ni kukavu.
- Chakula kikae ndani ya gari lililofungwa, si kwenye hema. Nyani na tumbili hufungua zipu bila shida, na harufu ya matunda huvuta tembo.
- Hifadhini usiku, zipu ifungwe na mtu asitoke kwenda chooni peke yake bila kumulika pande zote.
- Pwani, chandarua cha hema kisiwe na tundu. Malaria ikianza, bajeti yote inaishia hospitali.

Mgawanyo wa usiku 6 unaobana matumizi

Usiku 1: ufukweni Tanga au Pangani, hoteli yenye sehemu ya mahema. Usiku 2: Shimba Hills, kuingia alasiri na kutoka kabla ya saa 24 kuisha. Usiku 3: Voi mjini, uwani mwa gesti. Usiku 4: Same, nje ya geti la Mkomazi. Usiku 5 na 6: Lushoto, Irente au Magamba.

Hapo ni usiku mmoja tu kati ya sita unaolipiwa kiingilio cha wanyama. Anayetaka tembo zaidi abadilishe Voi mjini kwa Ndololo, ila aongeze kiingilio, kambi na gari kwenye hesabu kabla ya kuwasha injini. Viwango hubadilika, kwa hiyo tovuti za KWS, TANAPA na TFS ziangaliwe wiki ya safari.