Kutoka Kabanga Kwenda Geita

Mkarafuu ukichumwa msimu huu, utachumwa tena msimu mwingine. Sisi wa visiwani tumelelewa na utajiri wa namna hiyo, unaoondoka kwa meli na kurudi mtini. Hilo ndilo nililokuwa nikiliwaza alfajiri tulipoondoka Kabanga, mpakani mwa Burundi, kwenda kuuona mji wa dhahabu wa Geita na kurejea siku hiyohiyo.

Njia yapita Biharamulo. Katika wilaya hiyo mgodi wa Tulawaka ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2005. Mwaka 2013 kampuni ya kigeni ikauacha, nalo shirika la umma la madini, STAMICO, likaupokea. Miaka minane tu!

Geita ina historia ndefu zaidi. Dhahabu iligunduliwa huko mwaka 1898, zama za Wajerumani, lakini uchimbaji mkubwa ulikuja chini ya Waingereza. Tangu 1936 hadi 1966 mgodi wa Geita ulikuwa mkubwa kuliko yote ya dhahabu Afrika ya Mashariki, ukatoa wakia zipatazo milioni moja kutoka chini ya ardhi. Kisha ukafungwa, miaka mitano baada ya Uhuru. Ilipita miaka 34 hadi mgodi mpya mkubwa ulipofunguliwa, mwaka 2000.

Nikiwa nimesimama kando ya barabara, katikati ya vumbi na pikipiki, sikujiuliza dhahabu iko wapi. Nilijiuliza zile wakia milioni moja za mwanzo ziliacha nini. Dhahabu haichipui; atakayekula matunda yake hana budi kuyapanda mahali pengine, shuleni au barabarani, kabla mshipa haujakatika.

Usiku tulirejea Kabanga. Wilaya hii ya Ngara nayo ina hazina yake: nikeli, iliyotambuliwa tangu miaka ya 1970 na kungojewa karibu nusu karne. Mkataba wa Januari 2021 uliipa Serikali hisa 16 kwa mia, na kiwanda cha kusafishia kikapangiwa Kahama, si Ngara.

Basi wenyeji wana haki ya kuuliza mapema: siku tutakapobakiwa na shimo, kando yake patakuwa pamejengwa nini? Swali hilo likingoja mgodi ufungwe, huwa limechelewa.