Aina za Mifereji ya Mizizi ya Meno: Namba Zilipozidiwa na Jino

Kwa zaidi ya nusu karne sasa, aina za mifereji ya mizizi ya meno zimekuwa zikiongezeka vitabuni, na meno yenyewe hayakubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni namna ya kuyachunguza. Utata wa mifereji hiyo Walter Hess wa Zurich aliuonyesha mapema. Katika utafiti wake uliotoka kwa Kijerumani mwaka 1917, na kwa Kiingereza mwaka 1925, aliingiza mpira ndani ya meno yaliyong'olewa, akaugandisha kwa joto, kisha akayayeyusha meno kwa asidi. Mpira uliobaki ulionyesha umbo la uwazi wa ndani, nao ulitawanyika na kuungana tena kama mizizi ya mkoko. Mtu anaweza kusema mpira uliosukumwa kwa nguvu ulijifungulia njia zisizokuwepo. Ni shaka ya haki, ila haikusimama: waliokuja baadaye waliyafanya meno kuwa angavu na kuyatia rangi, kisha wakatumia eksirei za kompyuta, wakaukuta utata uleule.

Kuzipanga aina kwa namba kulianza mwaka 1969, Franklin Weine na wenzake walipokata mizizi ya magego ya kwanza ya juu 208. Zaidi ya nusu ya mizizi ya mbele upande wa shavu ilikuwa na mifereji miwili, na mfereji usioonwa na daktari unaweza kubaki na vijidudu baada ya jino kuzibwa. Mwaka 1984 Frank Vertucci alichunguza meno 2,400 na kupanga aina 8. Mwaka 2004 watafiti Sert na Bayirli waliyachunguza meno ya Waturuki, wakaongeza aina nyingine. Wapo wanaosema daktari aliye na mgonjwa kitini atosheke na zile 8. Ni kweli kwamba zimewafundisha wengi kutarajia mfereji kugawanyika, na kwa hilo Vertucci anastahili heshima. Lakini namba yake haisemi jino lina mizizi mingapi, na hilo ndilo la kwanza ambalo daktari anahitaji kulijua. Ndiyo maana pendekezo la Ahmed na wenzake la mwaka 2017 ni bora zaidi: andika namba ya jino, idadi ya mizizi, kisha njia ya kila mfereji kuanzia juu hadi nchani. Vyuo vya udaktari wa meno viufundishe mfumo huo tangu mwanzo.