Jaribio la Bechdel

Jaribio la Bechdel ni kipimo kinachotumiwa na watazamaji kuchunguza jinsi wanawake wanavyooneshwa katika filamu. Lilitokana na katuni ya mwaka 1985 ya mchoraji Mmarekani Alison Bechdel, ambaye alieleza kwamba wazo lenyewe alilipata kwa rafiki yake Liz Wallace. Katika katuni hiyo mwanamke anamwambia mwenzake kuwa haendi kutazama filamu isipokuwa iwe na angalau wanawake wawili, wanaozungumza wao kwa wao, juu ya jambo lisilohusu mwanamume. Ya mwisho iliyomfaa, anasema, ni Alien ya mwaka 1979: humo wanawake wawili wanazungumza juu ya dubwana.

Sharti hilo ni dogo, lakini filamu nyingi mashuhuri hushindwa kulitimiza. Hata hivyo kufaulu si ushahidi wa ubora. Wanawake wawili wakiongea kidogo kuhusu viatu, filamu imepita, hata kama hawaonekani tena.

Udhaifu huo ulijadiliwa sana mwaka 2013 ilipotoka Pacific Rim, filamu ya Guillermo del Toro. Ilishindwa jaribio, lakini mashabiki walimtetea mhusika Mako Mori, rubani aliyeigizwa na Rinko Kikuchi, ambaye alipoteza familia yake utotoni na ana kisa chake mwenyewe. Wakatunga kipimo chenye jina lake: filamu iwe na angalau mwanamke mmoja mwenye kisa chake, kisichokuwepo kwa ajili ya kukamilisha kisa cha mwanamume. Mwaka huohuo majumba kadhaa ya sinema nchini Uswidi yalianza kuzipa alama A filamu zilizofaulu jaribio la Bechdel.