Sauti Inapobadilika



Sisi tunaoongoza korali za parokia tumeona jambo hili mara nyingi: mvulana aliyeimba sauti ya kwanza kwa furaha anafikia miaka 13 au 14, sauti yake inakwaruza katikati ya Utukufu, wenzake wanacheka, na Jumapili inayofuata haonekani. Wakati wa kubalehe kikoromeo hukua, na nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa. Kwa mvulana sauti hushuka karibu oktava nzima. Kwa msichana hushuka pia, ila kidogo. Hakuna kilichoharibika, ingawa mwenyewe huona aibu.

Yatupasa kukiri kwamba hata ndani ya Kanisa watu wazima waliwahi kuyaogopa mabadiliko hayo kuliko watoto. Wanawake hawakuruhusiwa kuimba katika korali nyingi za kanisa, na sauti ya mvulana haidumu. Basi huko Italia wavulana wenye kipaji, wengi wao wa familia maskini, walihasiwa kabla ya kubalehe ili sauti isishuke kamwe. Sheria ya Kanisa ilikataza tendo lenyewe. Hata hivyo matowashi hao walipokelewa katika korali ya Papa, kwenye Kikanisa cha Sistina, tangu mwisho wa karne ya 16. Mwaka 1903 Papa Pio X aliagiza sauti za juu ziimbwe na wavulana. Alessandro Moreschi, wa mwisho kati ya waimbaji hao wa Sistina, alifariki mwaka 1922. Si zamani sana.

Joseph Haydn, mtoto wa fundi wa magurudumu huko Austria, aliponea chupuchupu. Alizaliwa mwaka 1732, na mwaka 1740 alichukuliwa kuimba katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano, Vienna. Griesinger, aliyemfahamu na kuandika maisha yake, anasimulia kwamba mwalimu wa korali alitaka ahasiwe, akamwomba baba yake ruhusa. Baba hakukubali. Alifunga safari mara moja na, akihofu kwamba jambo limekwisha kutendeka, aliingia chumbani akamwuliza mwanawe kama anaumwa mahali, na kama bado aweza kutembea.

Sauti ya Haydn ikashuka kama za wenzake. Yasemekana Malkia Maria Theresa alilalamika kwamba kijana yule haimbi tena, anawika. Mwaka 1749 aliondolewa katika korali akiwa na miaka 17, bila fedha. Alipanga chumba cha darini, akafundisha watoto muziki, akajifunza kutunga. Mwaka 1798 utungo wake mkuu juu ya Uumbaji ulisikika Vienna kwa mara ya kwanza. Humo Adamu huimba besi.

Katika korali zetu, kijana ambaye sauti yake inakwaruza tunamsogeza karibu na wenye besi. Huimba awezapo, hunyamaza ashindwapo, na nafasi yake haipewi mwingine.